Nyumbani Mwetu: Antena ya Nje, Tuinunue Namna Gani?



Katika masoko ya miji yetu twaona masanduku yenye picha nzuri: antena juu ya paa, na jamaa nzima imeketi mbele ya televisheni, wote wacheka. Juu ya sanduku imeandikwa: kilometa 300. Pengine 500. Baba asoma maneno hayo, akumbuka picha ya nyumbani inayokatika kila jioni wakati wa habari, ahesabu fedha zake, anunua. Jioni ileile apanda juu ya nyumba, afunga, ashuka, na picha ni kama jana. Fedha zimekwenda, na minervali ya watoto yangoja mwisho wa mwezi.

Jambo hili hutokea mara nyingi, wala sababu yake si ujinga wa baba huyo. Alianzia mwisho wa safari. Antena ni chombo cha kununua baadaye, mtu akisha kujua mnara wa televisheni uko wapi, na kati ya mnara huo na nyumba yake kuna nini. Leo tutazungumza habari hiyo. Kisha tutasema juu ya radi, kwa maana sisi wa mashariki ya Congo tuna neno letu la pekee katika jambo hilo, nalo ni zito kuliko uzuri wa picha.

Mawimbi ya televisheni huenda karibu sawasawa kama mwanga wa taa. Hupinda kidogo tu. Na dunia ni mviringo. Basi mnara ukiwa mbali mno, hujificha nyuma ya mgongo wa dunia, hata pasipo kilima wala mti. Mafundi wana hesabu ndogo ya kujua umbali huo, na walimu wenzangu waweza kuwapa watoto wa darasa la juu waijaribu. Chukua kimo cha mnara kwa mita, utafute kipeuo chake cha pili. Fanya vivyo hivyo kwa kimo cha antena yako. Jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12, utapata kilometa. Mnara wa mita 100 watoa 10. Antena iliyo juu ya mlingoti wa mita 9 yatoa 3. Jumla ni 13. Jibu ni karibu kilometa 54. Hapo ndipo penye mwisho katika nchi tambarare, na karibu na mwisho huo mawimbi yamekwisha kudhoofika. Zile kilometa 300 za sandukuni ziko wapi? Ziko sandukuni. Pengine, hali ya hewa ikiwa ya namna ya pekee, mawimbi hufika mbali ajabu kwa saa moja au usiku mmoja. Lakini hakuna atumiaye fedha za nyumba kwa ajili ya usiku mmoja.

Mnara ukiwa juu ya mlima, hesabu hubadilika. Kilele kinachoipita nchi yako kwa mita 900 chatoa 30, na antena yako 3; zidisha uone, zapita kilometa 130. Lakini mlima huo unaosaidia watu wa upande mmoja huwazuia watu wa upande wa pili. Mtu wa Lubumbashi, akaaye juu ya uwanda mpana, adui yake ni umbali. Mtu wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, ambako maji yenyewe yako kwenye kimo cha mita 1,460 na milima yazunguka pande zote, adui yake ni kilima. Nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kutofautiana kabisa: ya mtelemkoni yaona mnara, ya bondeni haioni kitu. Mwenye nyumba ya bondeni akinunua antena kubwa mara mbili kuliko ya jirani yake wa juu, bado atapata kidogo kuliko yeye. Kwake yeye, nasema wazi, afadhali asinunue antena ya namna hii hata kidogo. Anunue sahani ya setilaiti, ile parabola. Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kwenye kimo cha karibu kilometa 36,000, na sisi tu karibu na ikweta. Basi sahani hutazama juu, na mara nyingi huupita mlima usio mrefu sana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama. Panda mahali pa juu karibu na nyumba, utazame upande wa mnara. Waulize majirani wapate vituo gani, na vya bure au vya kulipia, kwa sababu antena haifungui kituo kilichofungwa na mwenyewe. Tazama pia mapaa yao: antena zao zaelekea wapi? Na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Mawimbi ya vituo vingine hutumwa yakiwa yamelala, ya vingine yakiwa yamesimama, na antena yapasa kufuata. Ukiilaza antena kwa mawimbi yaliyosimama utapoteza nguvu nyingi mno, hata kama umeielekeza vizuri. Jirani ambaye picha yake ni safi amekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Mpe soda yake.

Sasa twende dukani.

Antena yenye mgongo mmoja mrefu na vijiti vingi huitwa Yagi. Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, waliitoa mwaka 1926 katika chuo kikuu cha Tohoku, mjini Sendai. Uda ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, na Yagi alikuwa mkubwa wake. Jina likamwendea mkubwa, kama tuonavyo hata katika ofisi nyingine. Kijiti kimoja tu ndicho hupokea, kile chenye kisanduku ambamo kebo hufungwa. Nyuma yake kuna chuma kinachorudisha mawimbi, na mbele yake vijiti vifupi kidogo vinavyoyaongoza. Basi ncha yenye vijiti vifupi ndiyo inayotazama mnara. Wako watu walioifunga kinyume, wakailaumu antena miaka miwili.

Chukua rula mfukoni unapokwenda kununua. Si mzaha. Urefu wa vijiti wafuata urefu wa wimbi: kila kijiti ni karibu nusu ya wimbi. Vituo vya UHF, chaneli 21 hadi 48, huenda kati ya megahezi 470 na 694; nusu ya wimbi ni kama sentimeta 32 kwa chaneli za chini, na sentimeta 22 hivi kwa zile za juu. Vituo vya VHF, chaneli 5 hadi 12, vyataka vijiti virefu zaidi, kati ya sentimeta 65 na 85 hivi. Mwuzaji akikuambia antena yenye vijiti vifupi tu yashika vyote sawasawa, rula itakuambia vingine. Basi uliza kwanza vituo vya kwenu viko kwenye chaneli zipi, kisha pima.

Neno la pili la sandukuni ni “digitali”. Alumini haijui digitali wala analoji. Antena ya zamani iliyokaa juu ya paa la babu yako, kama vijiti vyake ni vizima na ni vya urefu ufaao, yashika mawimbi ya digitali vilevile. Kinachojua digitali ni televisheni yenyewe, au dekoda. Nchi nyingi za Afrika zimechagua namna iitwayo DVB-T2, na televisheni iliyoandikwa DVB-T tu haiisomi. Mtu mwenye televisheni ya namna hiyo aweza kubadilisha antena kumi, asione kitu, kwa kuwa ugonjwa hauko juu ya paa.

Neno la tatu ni tarakimu: “desibeli 38”. Hapo fungua macho. Desibeli ni kipimo cha nguvu, na antena ya Yagi yenye urefu wa mita moja hivi hutoa kama 10, au zaidi kidogo. Ukiongeza urefu wake mara mbili hupati nguvu zaidi ya mara mbili, yaani desibeli 3, na mara nyingi hupungua hapo. Ili antena yenyewe itoe desibeli 38 katika mawimbi ya UHF, ingepasa kuwa sahani yenye upana wa karibu mita 16, inayopita nyumba ya watu wengi. Tarakimu ile basi si ya antena, bali ni ya ampli, kile chombo kidogo cha umeme kilichofichwa ndani ya kisanduku ili kuongeza nguvu.

Ampli si kitu kibaya, lakini watu huifanya dawa ya kila ugonjwa. Yenyewe haichagui: yakuza picha na kelele pamoja. Antena isipokamata kitu, ampli yakuza kelele tupu. Na kama mnara uko karibu, nguvu huzidi, televisheni hulemewa, vituo vilivyokuwapo hupotea. Hapo mtu hudhani apaswa kununua ampli kubwa zaidi! Ampli yasaidia mahali pamoja hasa: pale ambapo antena imeshika mawimbi safi lakini kebo ni ndefu. Nayo hufungwa juu, karibu na antena, kabla mawimbi hayajadhoofika njiani. Ukiifunga nyuma ya televisheni, imechelewa. Kumbuka vilevile kwamba hula umeme, ingawa kidogo. Umeme ukikatika, nawe ukawasha televisheni kwa betri ya jua, ampli isipopata betri hiyo picha haitakuja.

Nimetaja kebo. Hiyo ndiyo watu huinunua mwisho, kwa fedha zilizosalia, nayo ndiyo huharibu kazi yote. Kebo ya televisheni ni ya ohm 75. Ile nzuri, RG-6, katika UHF hupoteza karibu nusu ya nguvu kwa kila mita 20. Zile nyembamba hupoteza zaidi, na zile ambazo wavu wake wa ndani una nyuzi chache huingiza kelele za pikipiki na za mashine ya jirani. Kata kipande kidogo mbele ya mwuzaji, utazame: uzi wa katikati uwe mnene, na wavu uufunike vizuri. Usiunge kebo njiani kwa kusokota nyuzi na kuzifunga plastiki. Hapo maji huingia, na maji yakiingia kebo imekufa, hata kama kwa nje yang’aa. Mahali pa kuingia nyumbani, ipinde ishuke chini kidogo ya tundu kisha ipande, ili matone ya mvua yaanguke chini yasifuate kebo mpaka ndani ya televisheni.

Kama fedha zako zatosha antena kubwa tu bila vitu vingine, shauri langu ni hili: nunua antena ya kadiri, na zilizobaki uzitie katika kebo, katika bomba la mlingoti, na katika waya wa ardhini. Mita 3 za kimo, mara nyingi, hushinda vijiti 10 vya ziada. Antena ikae mbali na mabati, mita moja au zaidi juu yake, kwa maana mabati hurudisha mawimbi na kuyachanganya. Ikiwezekana isielekee penye miti mikubwa iliyo karibu. Majani yaliyolowa mvua huzuia mawimbi ya UHF, na mtu hushangaa kwa nini picha hukatika katika masika tu.

Sasa juu ya radi.

Mwaka 2016 wataalamu walichapisha hesabu ya radi za dunia nzima, iliyofanywa kwa chombo kilichobebwa na setilaiti kwa miaka 16, tangu 1998 hadi 2013. Mahali pa kwanza palikuwa Ziwa Maracaibo, nchini Venezuela. Pa pili katika dunia, na pa kwanza katika Afrika, palikuwa Kabare, hapo jirani na Bukavu: radi karibu 205 kila mwaka kwa kila kilometa moja ya mraba. Twakaa basi katika nchi ambayo mbingu yake yapiga kuliko karibu kila nchi nyingine. Na mtu asimamisha chuma juu ya nyumba wanamolala watoto wake, akifunga waya kutoka chuma hicho mpaka chumbani! Yafaa afikiri.

Wengine husema antena huita radi. Radi hupenda kitu kirefu kuliko vingine vya hapo, kiwe mti, kiwe mnara, kiwe mlingoti. Wengine hujibu kwamba wametumia mti wa mkaratusi badala ya bomba, kwa hiyo wamesalimika. Hapana. Kebo yashuka kando ya mti huo, na kebo ni chuma. Linalotakiwa ni kuupa umeme wa radi njia iliyo rahisi kwenda ardhini nje ya nyumba. Mlingoti wa chuma ufungwe kwa waya mnene wa shaba, usiopungua milimeta za mraba 16, ushuke kwa nje, wima kadiri iwezekanavyo, pasipo mapindo makali, mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyotiwa shaba, iliyopigwa ardhini mita 2.5. Wavu wa kebo nao uunganishwe na waya huo kabla ya kuingia ndani, na kama nyumba ina waya wake wa ardhini wa umeme, hivyo viwili viunganishwe pamoja. Kazi hiyo ya mwisho mwachie fundi wa umeme anayeijua.

Nisiwadanganye: radi ikipiga mlingoti wenyewe, televisheni yaweza kufa hata ukiwa na waya huo. Waya hupunguza hatari ya moto na ya mauti, haiondoi yote. Kwa hiyo mama wa nyumba akiona wingu jeusi likipanda, achomoe kebo ya antena na waya wa umeme, akaziweke mbali na televisheni. Afanye hivyo wingu lingali mbali. Ngurumo ikisha kusikika karibu, asiguse tena. Televisheni hununuliwa nyingine. Watoto wakubwa wafundishwe hivyo hivyo, kwa maana mara nyingi wako peke yao mchana.

Kama mnara uko karibu na nguvu zatosha, iko njia nyingine nzuri: antena ndogo ifungwe ukutani, mita 2 au zaidi chini ya ukingo wa paa, nayo isitokeze mbali na ukuta. Hapo hatari hupungua sana. Ajabu ni kwamba watu wengi wa mjini wangetosheka na hiyo, lakini waona haya, kwa kuwa jirani ana kubwa juu ya bati.

Jambo jingine la kuua ni nyaya za umeme za barabarani. Kabla ya kusimamisha mlingoti, ulaze chini, utazame: kama ungeanguka upande wowote, ungezigusa? Ukiweza kuzigusa, tafuta mahali pengine, hata kama picha itapungua. Wala usimtume kijana kupanda mabati yaliyolowa kwa sababu ni mwepesi.

Siku ya kufunga, muwe watu wawili: mmoja juu, mmoja mbele ya televisheni. Zamani, picha ya analoji ilipodhoofu ilijaa chembe nyeupe, nawe ulijua ukaribie au la kwa kuzitazama. Picha ya digitali haitoi onyo: ni nzima, kisha ghafula yavunjika vipande na kusimama. Kwa hiyo fungua ule ukurasa wa televisheni au dekoda unaoonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Utazameni ubora. Nguvu yaweza kujaa kwa kelele tupu. Geuza antena polepole, kama upana wa vidole viwili kila mara, ungoje kidogo, kwa maana digitali hukawia kujibu. Ukishapata ubora mkubwa, jaribu pia kuisogeza hatua moja kushoto au kulia juu ya paa hilohilo. Katika nchi ya vilima mawimbi hurudishwa huku na huku, na hatua moja yaweza kuleta kituo kilichokataa. Fanyeni jaribio hilo kwa mti wa muda, kabla ya kuchimba shimo la mlingoti. Na msiridhike na ubora unaotosha kwa shida siku ya jua. Mvua ya kwanza itauondoa.

Mvua zikiisha, kagua bulti zote, uifunge upya plastiki ya kisanduku, utazame kama ule waya wa shaba ungalipo. Shaba ina wapenzi wengi.

Wengi wameuliza juu ya dekoda, ipi ya kununua na ipi ya kuacha. Hayo tutayasema juma lijalo.